Wakikuuliza "Sorry?" mara ya pili: kutafuta hitilafu ya matamshi ya Kiingereza mdomoni

Umesema neno la Kiingereza, msikilizaji akakunja uso. Ukalirudia kwa sauti kubwa zaidi, naye bado hajaelewa. Kupaza sauti hakusaidii, kwa sababu tatizo si udogo wa sauti. Mara nyingi sarufi ni sahihi na neno ni lenyewe. Kilichokosea ni mahali ulimi ulipokaa, au silabi uliyoiongeza bila kujijua.

Mwongozo huu ni wa mzungumzaji wa Kiswahili anayekijua Kiingereza, anakisoma na kukiandika, ila mdomo wake bado unafuata kanuni za Kiswahili. Sizungumzii kuiga lafudhi ya London wala ya Chicago. Lafudhi ya Tanga au ya Kisumu ni yako, kaa nayo. Tunayoyatafuta hapa ni yale makosa yanayomfanya mtu asikie neno jingine kabisa, au asisikie neno lolote.

Vifaa ni vichache: kioo kidogo, kipande cha karatasi nyepesi, vidole viwili vya kuweka kooni, na simu. Simu itakurekodi, lakini ina kazi ya pili iliyo bora zaidi: washa uandishi kwa sauti, chagua Kiingereza, kisha sema neno moja moja uone itaandika nini. Usiseme sentensi nzima. Programu hukisia neno kutokana na maneno jirani, kwa hiyo itakufichia kosa lako.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza: ijue ramani ya mdomo. Nyuma ya meno ya juu kuna ufizi, ule ukingo unaoguswa na ncha ya ulimi unaposema "la". Ukiuteleza ulimi kwenda nyuma unakutana na kaakaa gumu, halafu kaakaa laini, pale shina la ulimi linapobana ukisema "ka". Karibu kila tiba hapa chini ni kuhamisha ulimi kati ya sehemu hizo.

Neno limeongezeka silabi

Anza hapa hata kama unadhani shida yako ni "th". Kosa hili ndilo linaloharibu zaidi, na ndilo ambalo mtu mwenyewe halisikii.

Dalili: "school" inatoka "sukuli", "bread" inatoka "buredi", "worked" inatoka "wakedi". Chanzo ni kwamba silabi ya Kiswahili hupenda kuishia na irabu. Maneno tuliyoyaazima yanaonyesha wazi: "team" tumeifanya timu, "club" kilabu, "film" filamu. Ndani ya Kiswahili hiyo ni kazi safi, haina kosa. Lakini ukirudi na desturi hiyo kwenye Kiingereza, neno la silabi moja linakuwa na tatu, na masikio ya msikilizaji yanatafuta neno la silabi tatu asilipate.

Kipimo: weka kiganja chini ya kidevu. Kila irabu hukishusha kidevu. Sema "film", kidevu kishuke mara moja tu. Sema "screened"; mara moja pia, pamoja na konsonanti zote zile.

Ikiwa irabu inazaliwa mwishoni mwa neno, tatizo ni kuufungua mdomo mapema. Sema "book" na uache shina la ulimi limebana kaakaa laini. Usiliachie. Hesabu kimoyomoyo moja, mbili, mdomo ukiwa vilevile. Ile "u" ya mwisho huzaliwa ulimi unapoachia huku sauti ikiendelea kutoka kooni. Kwenye "team" midomo ibaki imefungwa. Kwenye "hat" ncha ya ulimi ibaki kwenye ufizi.

Ikiwa irabu inazaliwa mwanzoni, tatizo ni kwamba konsonanti ya pili haijawekwa tayari. Kwenye "play", ncha ya ulimi iwe imeshagusa ufizi wakati midomo bado imefungwa kwa ajili ya "p". Ukifungua midomo, "l" inatoka papo hapo na hakuna nafasi ya "u" kupenya. Kwenye "bread" fanya hivyohivyo: funga midomo, panga ulimi kwa ajili ya "r", ndipo ufungue. Ukianza na "s", ivute ndefu, "sssskuul", kisha uifupishe siku hadi siku.

Viambishi vya "-ed" vina kanuni yao, na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Silabi mpya huongezeka tu kama kitenzi kinaishia na sauti ya "t" au "d": "wanted", "needed". Kwingine kote ni konsonanti tu iliyobandikwa: "worked" huishia na "kt", "cleaned" na "nd". Wingi nao una kanuni kama hiyo: "boxes" na "watches" huongeza silabi kwa sababu umoja wake unaishia na sauti kama "s" na "ch", lakini "books" haiongezi.

Kuna silabi nyingine zinazoongezwa na macho wala si na ulimi. Tumezoea kila herufi iliyoandikwa isomwe, na Kiingereza hakiheshimu jambo hilo hata kidogo. "Wednesday" ina silabi mbili, "chocolate" mara nyingi mbili, "vegetable" na "comfortable" tatu kwa wengi. "Debt" na "plumber" hazina "b" mdomoni, "receipt" haina "p", "salmon" haina "l", "island" haina "s". Hapa hakuna mazoezi ya ulimi. Ni kufungua kamusi yenye sauti.

Katika eneo hilihili Kiswahili kinakupa mtaji ambao wageni wengi hawana. Sema "nta", au "nne". Ile "n" ya kwanza inasimama kama silabi kamili bila irabu. Ndiyo hiyo inayotakiwa mwishoni mwa "button" na "garden": ulimi ugote kwenye ufizi kwa ajili ya "t", usiondoke, hewa itokee puani. Ukisema "batoni" umejisumbua bure. "M" ya "mtu" nayo ndiyo inayofunga "rhythm". "Bottle" ni njia hiyohiyo kwa "l": ncha ya ulimi ibaki ufizini, mbavu za ulimi zishuke, hewa ipite pembeni.

Sauti zote ni sahihi, lakini neno halieleweki

Tafuta mkazo. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara: ki-TA-bu, ki-ta-BU-ni. Mdomo uliozoea hivyo husema ka-RAK-ta kwa "character" na ka-LEN-da kwa "calendar", wakati Kiingereza kinataka silabi ya kwanza, kama pia kwenye "hospital", "manager" na "ministry". Upande wa pili, "hotel" na "success" zinataka mkazo mwishoni kabisa.

Usidhani jambo hili ni geni kwetu. Mtu akisema ba-ra-BA-ra anazungumzia njia ya magari. Akisema ba-RA-ba-ra anakubaliana nawe. Tofauti ni kwamba kwetu jozi kama hizo ni chache, na kwa Kiingereza zimejaa: "record" yenye mkazo mwanzoni ni nomino, mwishoni ni kitenzi. Mkazo pia huhama neno likikua. "Photograph" mkazo uko mwanzo, "photography" unaruka hadi silabi ya pili, "photographic" hadi ya tatu. Ukitaka kanuni moja inayolipa haraka, ni hii: neno likiishia na "-tion" au "-ic", mkazo uko kwenye silabi inayotangulia hapo, kama "education" na "economic".

Mkazo wa Kiingereza hauji kwa kupiga sauti peke yake. Irabu hurefuka na sauti hupanda kidogo. Na hapa ndipo wengi wanapokwama: silabi nyingine lazima zinywee. Ukizitamka zote kwa heshima sawa, msikilizaji hapati pa kushika. Kwenye kamusi, alama ndogo ya wima iliyo juu kabla ya silabi ndiyo inayokuonyesha mkazo ulipo.

Silabi iliyonywea hutumia irabu ambayo Kiswahili hakina, ile inayoandikwa kwa herufi ya "e" iliyopinduliwa, ə. Ndiyo irabu inayotumika kuliko zote katika Kiingereza. Kuipata, acha kufanya kazi: taya lishuke kidogo tu, midomo isitabasamu wala isijiviringe, ulimi ulale katikati bila kupanda popote. Toa sauti fupi. Si "a", si "e". Sasa sema "banana" ukiitumia mwanzo na mwisho, na katikati uweke "aa" ndefu. Ukifaulu hapo, jaribu "about", "teacher", "problem" na "computer". Wengi huona aibu kwa sababu wanahisi wanatamka kivivu. Ndivyo inavyotakiwa.

"Ship" imekuwa "sheep", "full" imekuwa "fool"

Kiswahili kina irabu tano, na Kiingereza cha kusini mwa Uingereza huhesabiwa kuwa nazo kama ishirini. Kwa hiyo kila irabu yetu inabeba mzigo wa kadhaa.

Kwenye jozi hizi wengi hudhani tofauti ni urefu, wakafupisha "i" ya "ship" na kurefusha ya "sheep". Haitoshi. "Sheep" ni "i" yetu ikiwa imerefushwa: midomo imetandazwa, ulimi uko juu mbele. "Ship" ina mahali pake, kati ya "i" na "e". Sema "i", shikilia, kisha ulegeze midomo na kuushusha ulimi kidogo kuelekea "e" bila kufika. Kwenye kioo midomo isionekane imevutwa. Jozi za kujipima ni "sit" na "seat", "live" na "leave". "Full" inatoka kwenye "u" kwa njia hiyohiyo: legeza midomo, shusha shina la ulimi kidogo.

"Cat", "cut", "cart" na "curt" zote zinatoka "kat"

Hapa "a" moja imebeba irabu nne. Maneno ya mkopo yanaonyesha jinsi sikio letu lilivyohangaika: "shirt" na "nurse" zina irabu ileile kwa Kiingereza, lakini moja tumeiita shati na nyingine nesi. Na "bank" tukasikia benki.

Ifuate taya. Kwa "cat", anza na "e" ya "embe", kisha shusha taya sana bila kuurudisha ulimi nyuma. Ncha ya ulimi ibaki nyuma ya meno ya chini, pembe za midomo zivutike. Utahisi unatia chumvi, na kiasi hicho ndicho sahihi. Kwa "cut", tumia "a" yetu lakini fupi, taya likiwa nusu ya hapo. Kwa "cart", sukuma ulimi chini na nyuma, ile "aaa" ya daktari anapokumulika kooni, ndefu. Kwa "curt", "hurt", "bird" na "first", taya likaribie kufunga, ulimi uelee katikati bila kugusa kitu: ni ile irabu iliyonywea ya "about", ikiwa imerefushwa. Mwamerika huongeza "r" hapo kwa kuukusanya ulimi nyuma. Ukipenda mtindo huo fuata, usipopenda acha, mradi tu isiwe "a". Anayesema "wak" kwa "work" ana hatari zaidi ya kutoeleweka kuliko anayesema "ze" kwa "the".

Jozi nyingine inayosumbua maofisini ni "paper" na "pepper". Ukisema "pepa" umesema pilipili manga. Irabu ya "paper" husafiri: inaanzia "e" na kupanda kuelekea "i" ndani ya silabi moja, taya likijifunga taratibu. "Bei" yetu ina safari hiyo, ila sisi huikata silabi mbili, iunganishe. "Boat" nayo inasafiri kuelekea "u", midomo ikiviringika mwishoni, la sivyo inasikika "bought".

Umesema "pin", wamesikia "bin"

Shika karatasi mbele ya midomo na useme "paper". Karatasi ikitulia, umepata chanzo. "P", "t" na "k" za Kiingereza zikianza silabi yenye mkazo hutoka na pumzi ya ghafla, na masikio ya wenyeji hutegemea pumzi hiyo kuliko kitu kingine. Isipokuwepo wanasikia "b", "d" na "g".

Wazee wa Mombasa hawana shida hii. Kimvita hutofautisha paa la nyumba na paa yule mnyama kwa pumzi hiyohiyo. Mnyama ndiye anayeipata. Maandishi ya Kiswahili sanifu hayaionyeshi tofauti hiyo, na wengi wa bara hatuna. Tiba: funga midomo, kusanya hewa, fungua ukitoa "h" nyepesi kabla ya irabu. Karatasi irushwe. Kisha sema "spoon" na "stop": hapa karatasi itulie, kwa sababu baada ya "s" pumzi huondoka.

Wanaopenda ukamilifu waweke kidole kooni na kusema "baba" polepole. Wengi wetu koo hushuka kidogo na hewa huvutwa ndani. "B" ya Kiingereza haina mvuto huo. Inakaribia zaidi "b" ya "mbuzi". Lakini hili halimzuii mtu kukuelewa, kwa hiyo usilipotezee usiku.

"Bag" imekuwa "back", "prize" imekuwa "price"

Vidole kooni: "z" na "g" zinatetemesha, "s" na "k" hazitetemeshi. Kama huwezi kuuhifadhi mtetemo hadi mwisho wa neno, refusha irabu iliyotangulia. Wenyeji wenyewe hutegemea urefu huo: irabu ya "bag" ni ndefu kuliko ya "back". Kumbuka pia kwamba "s" ya wingi kwenye "dogs" na "cars" ni "z" mdomoni.

Konsonanti zinazobadilishana

"Th" tunayo: thamani, thelathini. "Dh" tunayo: dhahabu. Anayesema "selasini" na "zahabu" kwa Kiswahili atasema "sink" kwa "think", basi airekebishe nyumbani kwanza. Ncha ya ulimi ionekane kwenye kioo kati ya meno, hewa ipite bila kuzibwa. "The", "this", "there" na "mother" huchukua "dh". "Three", "think" na "bath" huchukua "th".

"R" na "l" huwachanganya ambao lugha yao ya kwanza haizitofautishi, kama Kikuyu, Kisukuma na Kinyarwanda. Kwa Luganda "r" huja baada ya "e" na "i", kwingine huwa "l", kwa hiyo sikio halijawahi kulazimika kuchagua. Kipimo ni mguso. "L" inagusa ufizi na kukaa. "R" ya Kiingereza haigusi popote kwa ncha: mbavu za ulimi zinagusa magego ya juu, ncha inaning'inia, midomo inaviringika kidogo. Ukiweza kuivuta ndefu bila ncha kugusa, ni "r". Tena haipigi kama "r" yetu. Pigo la "r" yetu Mwamerika hulitumia kwenye "t" ya "water" na "city". Ndiyo maana unaweza kusikia "siri" wakati anazungumzia mji.

"Fish" ikitoka "fis", kosa la kawaida kwa wasemaji wa Kijaluo, rudisha ulimi nyuma kidogo ya ufizi na usukume midomo mbele. Kioo kitakuonyesha: midomo ya "s" imetandazwa, ya "sh" imetokeza.

"Sing" ikitoka "singi", anza kusema "ng'ombe" na usimame kabla ya "o". "Singer" na "hanger" zina "ng'" hiyo, ila "finger", "longer" na "stronger" zina "ng" ya "ngoma". Na "bomb", "comb" na "climb" huishia kwenye "m". Usiifungue midomo kwa "b".

Aliyesomea Kifaransa Bukavu au Lubumbashi huenda akaidondosha "h", "house" ikatoka "aus". Pumulia kioo kwa karibu: neno lenye "h" huacha ukungu kabla ya irabu kuanza.

Neno peke yake liko sawa, kwenye sentensi linaharibika

Akili ikienda kwenye maana, ulimi hurudi ulikozoea. Usirudie neno peke yake mara nyingi zaidi. Liweke kwenye kifungu cha maneno matatu manne, ukitamka polepole.

Kwenye vifungu utakuta Kiingereza kinakuja upande wetu. Konsonanti ya mwisho hushikwa na irabu ya neno linalofuata, na matokeo yake ni silabi za Kiswahili kabisa: "pick it up" inatiririka kama "pi-ki-tap", "an apple" inaanza na "a-na". Badala ya kuongeza irabu yako mwishoni mwa "pick", tumia ya jirani. Neno linalofuata likianza na konsonanti, usiifungue ile ya kwanza: kwenye "stop talking", midomo ibaki imefungwa kwa "p" huku ulimi ukipanda ufizini kwa "t", kisha viachie kwa pamoja. Jirekodi ukisema "I worked at home", ukiipeleka "t" ya "worked" kwenye "at", kidevu kikishuka mara nne tu.